Njia ya Watu na Njia ya Fedha katika Nchi ya Shaba

Ukimwuliza mtu wa Lubumbashi au wa Likasi, "Kwenu wapi?", mara nyingi atakutajia mahali ambapo hajapaona tangu utoto, pengine hajapakanyaga hata siku moja. Atasema, "Kwetu Kabinda," au "Kwetu Kongolo," au "Kwetu Ngandajika," naye alizaliwa katika kambi ya shaba, na baba yake vilevile. Hasemi uongo. Jibu lake ni historia nzima katika neno moja, nasi twataka kuieleza: namna gani jamaa za watu ziliingia katika Katanga ya juu na namna gani zilitoka, na fedha nazo zilipita wapi. Maana watu walifuata njia yao na fedha zilifuata yake. Asiyezitenga njia hizo mbili hatafahamu kwa nini wako watu waliofanya kazi miaka 30 wakarudi kwao mikono mitupu.

Wengine hudhani kwamba safari za kutafuta shaba zilianza na Wazungu. Sivyo. Zamani za kale Wasanga na jirani zao walichimba mawe ya kijani huko Kambove, Likasi na Dikuluwe, wakayayeyusha katika tanuru za udongo kwa makaa na mivukuto. Kazi hiyo waliifanya wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani. Mvua ikikaribia walirudi mashambani. Waliitwa "wala-shaba", kwa maana shaba iliwalisha. Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni za Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba (si msalaba wa Kikristo, umbo tu), na misalaba hiyo ilikuwa fedha. Kwayo watu walinunua chumvi na nguo, tena walitoa mali ya kuoa.

Karibu na mwaka 1856 akaja Msiri, mtoto wa Kalasa, toka kwa Wasumbwa wa Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo. Baba alikuja kufanya biashara ya shaba na kurudi; mtoto akakaa, akawa mfalme, na mji wake Bunkeya ukajaa watu wa kila kabila. Wengine walikuja kwa hiari, wengine walikuja shingo zao zimefungwa kamba, maana Msiri aliuza pembe na watumwa pia. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na ofisa Bodson wa msafara wa Stairs, na muda mfupi baadaye watu wa Bunkeya wakatawanyika. Basi mji mkubwa wa nchi hii ulijaa kwa ajili ya mali, ukawa mtupu kwa ajili ya siasa. Hayo yalitokea kabla Lubumbashi haijawa na nyumba moja ya matofali, nayo yatatokea tena mbele katika habari hii.

Kompani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Gari la moshi lilifika toka Rodezia mwaka 1910, ndipo ulipojengwa mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi yetu. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka katika tanuru mpya. Shaba ilikuwapo, njia ilikuwapo, mashini zilikuwapo. Watu ndio hawakuwapo. Nchi ile ilikuwa na wenyeji wachache, ugonjwa wa malale ulikuwa umewapunguza, na hao wachache hawakuona sababu ya kuacha shamba na mto wa samaki ili kwenda kuvunja mawe kwa mgeni. Nani angewalaumu?

Mwaka ule ule wa 1910 serikali ilitoa sheria mbili. Moja iliwaamuru wanaume kulipa kodi kwa fedha, wala si tena kwa mpira au kwa kazi. Ya pili ilimfunga kila mtu chini ya mkubwa wa kwao, asihame bila karatasi ya ruhusa. Tazameni jinsi sheria hizo zilivyosaidiana. Ya kwanza ilimsukuma mtu atoke nyumbani akatafute franka. Ya pili ilifunga mlango, na ufunguo ukawa mkononi mwa serikali. Mtu hakuwa na mahali pa kupata franka ila kwa mwandikishaji. Na mwandikishaji alikuwa tayari: mwaka huo huo liliundwa shirika lililoitwa Bourse du Travail, yaani soko la kazi, ambalo mawakala wake walizunguka Lomami, Luapula na pande za Tanganyika. Mkubwa wa kijiji alipewa zawadi kwa kila mtu aliyemtoa. Basi alimtoa nani? Si mtoto wake. Alimtoa mtu asiye na ukoo wa kumtetea, yatima, mgeni, mtoto wa mtumwa wa zamani. Wengi wa watu wa kwanza wa kambi walikuwa wale ambao kijiji kiliona chaweza kuwakosa.

Wengine wengi walitoka Rodezia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, wakiandikishwa na kampuni ya Robert Williams. Miaka ile ya kwanza hao ndio waliobeba kazi kubwa. Walikuja kwa miezi michache, peke yao, bila bibi wala mtoto. Sehemu ya mshahara wao iliwekwa kando, wakalipwa wakisharudi kwao, kwa sababu serikali ya Kiingereza ilitaka kodi yake ilipwe kule na fedha zitumike kule. Serikali ile ilifahamu mapema jambo ambalo wengine walichelewa kulifahamu: mtu akienda kufanya kazi mbali, swali la kwanza ni mahali atakapotumia mshahara wake.

Tutulie kidogo juu ya wakati huo, kwa sababu hapo hesabu ni rahisi kusoma. Mtu alikwenda peke yake, akarudi peke yake, na fedha zilirudi pamoja naye. Akifika kijijini alilipa kodi yake na ya baba yake mzee, akagawa blanketi, chumvi na vitambaa, na zilizobaki zikawa mali ya kuoa. Ungesema kijiji kilipata faida. Lakini tuhesabu na upande wa pili. Kijiji kilimlisha mtu huyo miaka 18 au 20 kabla hajainua sururu. Alipokwenda, miti ya shamba jipya haikukatwa, kwa maana kukata miti ni kazi ya wanaume, na wanawake walilima tena udongo ule ule uliochoka. Katika kambi za kwanza watu walikufa kwa wingi, kwa kuhara na kwa ugonjwa wa mapafu, na mwaka 1918 mafua makubwa yakapita. Aliyekufa hakuleta kitu. Aliyerudi akikohoa alilala katika nyumba ya dada yake, na dada ndiye aliyemwuguza. Mshahara ulikuwa malipo ya miezi ya nguvu tu. Utoto wa mfanya-kazi, ugonjwa wake na uzee wake vililipwa na watu wa kijijini, nao hawakuandikwa katika daftari lolote la kompani.

Tena mali ya kuoa ilibadilika. Zamani mali ilikuwa mikononi mwa wazee: misalaba ya shaba, majembe, mbuzi. Kijana aliwatii kwa sababu bila wao hakuoa. Sasa kijana alirudi na franka zake, na wazee wakaona utii unawaponyoka. Walifanyaje? Walipandisha mali. Baba aliyetoza kidogo zamani alitaka franka, na kila mwaka franka zaidi, hata kijana ikambidi arudi Katanga mara ya pili na ya tatu ili amalize deni la ukwe. Twasikia watu wakiwasema wazee wale kuwa walikuwa na tamaa. Labda wengine walikuwa nayo. Lakini mzee naye alidaiwa kodi kwa fedha, wala hakuwa na mgodi wa kuchimba. Binti yake ndiye aliyekuwa njia ya pekee ambayo franka za Lubumbashi zingefika nyumbani kwake.

Karibu na mwaka 1925 mambo yalianza kubana. Shaba iliongezeka, nao waliotafuta watu walikuwa wengi: reli mpya, almasi za Kasai, pamba ya kulazimishwa. Tume ya serikali ilishauri kwamba wanaume wazima wasiozidi 10 kwa kila 100 ndio wawe mbali na kwao, vijiji visije vikafa. Kompani ikatafuta watu mpaka Rwanda na Burundi. Maelfu waliletwa kati ya mwaka 1925 na mwaka 1930, toka milima ya baridi hadi nchi ya joto na chakula kigeni, na wengi waliugua, wengi wakafa. Kila mtu aliyeletwa aligharimu: nauli, posho ya njiani, daktari, zawadi ya mkubwa wake, na baada ya miezi michache, alipoanza tu kuijua kazi, alikwenda zake.

Ndipo kompani ilipogeuza fikira. Tangu mwaka 1927 na 1928 ilianza kuandikisha watu kwa miaka 3, ikawataka waje na bibi zao. Waliita jambo hilo "kuwatuliza" wafanya-kazi. Nyumba za watu wawili na watoto zikajengwa mahali pa mabanda ya wanaume. Bibi alipata posho yake, mtoto posho yake. Palikuwa na zahanati ya wazazi, mizani ya kupima watoto, na shule mikononi mwa misioni. Kwa kijana asiyeoa, kompani iliweza hata kumkopesha mali ya kuoa, kisha ikakata mshahara wake pole pole. Daktari Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanya-kazi weusi, ndiye aliyeiendeleza siasa hiyo miaka mingi.

Misioni zilishangilia, na walikuwa na haki. Mume na mke pamoja, watoto wanabatizwa na kusoma: nani asingependa hayo kuliko kambi ya wanaume pweke? Hata sisi leo hatusemi kwamba ilikuwa vibaya jamaa kukaa pamoja. Ila twasema tuone fedha zilikwenda wapi.

Mtoto aliyezaliwa katika kambi, akakua, akasoma, akaingia kazini, ni mfanya-kazi asiyehitaji mwandikishaji wala nauli. Kompani ililijua jambo hilo vizuri, wala haikulificha. Na mshahara, ambao zamani ulirudi kijijini, sasa ulibaki kambini, maana wa kuutumia walikuwa kambini. Tena sehemu kubwa ya malipo ilitolewa kwa posho: unga wa mahindi, nyama au samaki, mafuta ya ngazi, maharagwe, chumvi. Posho ni kitu kizuri kwa mwenye njaa, lakini haitiwi katika bahasha. Mtu aliweza kushiba kila juma, asipate hata franka 10 za kumpelekea mama yake. Na tumtazame bibi. Kijijini alikuwa mlimaji. Mavuno yalikuwa yake, aligawa, aliuza kidogo, aliwapa ndugu zake. Kambini alipanga mstari siku ya posho kwa jina la mumewe. Alifika akiwa mtu mwenye shamba, akawa namba katika kadi ya mwanamume. Katika vitabu vingi vya habari hizo hasara hiyo haitajwi, kwa sababu bibi yule hakuwa na mshahara wa kuandikwa.

Anayetaka kuona safari hizo kwa macho, asihangaike na takwimu peke yake. Kwa sheria ya Kanisa, ndoa ya Mkristo huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa, hata kama ameoa mbali. Hivyo parokia ya migodi humwandikia padri wa kijijini: fulani, mbatizwa wenu, ameoa huku. Pembe hizo za kitabu, zenye maandishi madogo, ni ramani ya njia ya watu. Njia ya fedha haimo humo.

Jambo moja zaidi lilizaliwa katika kambi zile, nalo ni lugha hii tunayoiandika. Mluba, Mbemba, Mtetela na Mnyarwanda hawakuwa na neno moja la kuulizana maji. Kiswahili kilikuwa kimefika toka mashariki pamoja na wafanya-biashara. Kompani na misioni wakakichukua, watoto wakakinyonya pamoja na maziwa. Kwa hiyo urithi wa kwanza wa mtoto wa kambi ulikuwa lugha ambayo nyanya yake kijijini hakuifahamu.

Reli ya Bukama mpaka Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928. Iliwaleta watu wa Kasai na Lomami kwa wingi, na tena ilileta mahindi yao. Wakulima wa kando ya reli, pande za Mwene-Ditu na Luputa, waliuza mahindi kwa ajili ya kuwalisha watu wa migodi. Hiyo ilikuwa fedha iliyotoka Katanga kwenda vijijini bila mtu kusafiri. Lakini bei haikupangwa na mkulima.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Tangu mwaka 1930 hata 1932 kompani ilipunguza watu wake, toka zaidi ya 15,000 hadi kama 5,000. Kuandikisha watu wa Rodezia kukakoma mwaka 1931. Hapo kila mtu aliona "kutulizwa" kulikuwa na mpaka gani. Nyumba ya kambi ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Jamaa zilipandishwa garini zikarudishwa vijijini, na vijiji ambavyo havikuwa vimepata franka zao vilipokea matumbo yao. Kodi iliendelea kudaiwa. Wengine walikataa kwenda mbali, wakalima mahindi na muhogo kandokando ya miji, na hao ndio mwanzo wa mitaa mingi ya nje tunayoijua.

Wakati wa vita kazi iliongezeka tena, vitu vikapanda bei, mishahara ikabaki nyuma. Mwezi wa Desemba 1941 wafanya-kazi waligoma Likasi, kisha Lubumbashi. Tarehe 9 askari walipiga risasi juu ya watu waliokusanyika, na hesabu ya serikali yenyewe ilitaja makumi ya wafu. Vijijini nako siku za kazi za lazima ziliongezwa kutoka 60 hata 120 kwa mwaka. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia: kambini risasi, kijijini mpira na pamba.

Miaka iliyofuata vita, mpaka mwaka 1957 hivi, ndiyo ambayo wazee waliisifu kwa machozi. Mishahara iliongezeka. Kasha la akiba la Kongo lilifunguliwa mwaka 1950. Posho za watoto zikawekwa kwa sheria ya mwaka 1951. Na sheria ya mwaka 1956 ikaleta pensheni ya wafanya-kazi. Ndipo mtu wa kambi aliporudi likizoni na kinga mpya (ndiyo baiskeli), cherehani ya mama, na karo ya mdogo wake. Toka kijijini nako vitu vilikuja: unga, kuku, samaki mkavu, viwavi, na hasa watoto wa ndugu, walioletwa wasome. Kila nyumba ya kambi ilikuwa na mtoto wa mjomba amelala chini ya meza. Bibi aligawa posho ya watu wanne kwa watu saba, naye alijua kwamba mtoto yule ni deni linalolipwa kijijini. Watu walisema kompani ni baba na mama. Mwaka 1957 gazeti la kompani likatoka, likaitwa "Mwana Shaba".

Lakini mwana huyo alipozeeka, baba alimtoa nyumbani. Desturi ilikuwa kwamba kazi ikiisha, mtu arudishwe kwao kwa nauli ya kompani. Wazee wengi walishuka katika kituo kidogo cha reli na masanduku yao mbele ya watu wasiowajua.

Sasa tuharakishe. Mwaka 1957 Lubumbashi ilichagua wakubwa wa komini kwa mara ya kwanza, na wote wanne waliochaguliwa walikuwa watu wa asili ya nje ya Katanga ya juu. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kilizaliwa. Maneno yake yalikuwa mawili: kwamba wageni wamechukua kazi, na kwamba fedha za Katanga hutoka kwenda kulisha Léopoldville na nchi nyingine. Neno la pili lilikuwa na ukweli ndani yake. Shaba ililipa sehemu kubwa ya matumizi ya Kongo nzima, na faida nyingine ilivuka bahari kwenda Brussels. Lakini angalieni mchezo uliofanyika: hasira juu ya fedha zilizotoka iligeuzwa ikawa hasira juu ya watu walioingia. Aliyebeba faida hakuwa Mluba wa kambini. Yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga. Mwezi wa Agosti Kasai ya kusini nayo ikajitangaza. Tangu Januari 1961 Katanga ilikuwa na franka yake yenyewe, na mtu mwenye mama huko Bakwanga hakuweza tena kumtumia kitu cha kufaa, wakati ule ule njaa ilipokuwa ikiua watu huko. Makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa katika Lubumbashi, wakakaa chini ya mabati na matambara, na mwaka 1962 wakapelekwa Kasai na Katanga ya kaskazini. Katanga ikarudishwa katika Kongo mwaka 1963.

Serikali ilichukua migodi mwaka 1967, na kompani ikaitwa Gécamines baadaye. Watu wa Kasai walirudi, wengine wapya wakaja. Mwaka 1986 ilitoa tani kama 476,000 za shaba. Baada ya hapo mashini zilichakaa bila kutengenezwa, fedha zilichukuliwa Kinshasa, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka.

Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz, mtu wa Katanga. Siku hizo hizo nyumba za watu wa Kasai zilianza kuchomwa huko Likasi; mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Waliokuwa kazini waliambiwa wasirudi kazini. Walikaa katika vituo vya reli, majuma na miezi, wakilala juu ya njia na katika shule, wakingoja behewa. Surua na kuhara viliwachukua watoto hapo hapo kituoni. Kinga, kitanda, cherehani, redio, vitu vilivyonunuliwa kwa miaka 20, viliuzwa kwa bei ya mkate wa safarini, au viliachwa. Nyumba haiingii katika behewa. Miaka ya pensheni haiingii katika behewa. Walishushwa Luputa, Mwene-Ditu, Kananga, mbele ya ndugu maskini waliowapokea kama walivyoweza. Wengi wa watoto hawakujua Kiluba; walizungumza Kiswahili, na wenyeji wakawaita watu wa Katanga. Katanga waliwaita watu wa Kasai.

Tena fedha zikaongeza balaa lake. Mwezi wa Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilitoa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani 3,000,000. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea na noti za zamani. Katanga ilitumia mpya. Hivyo mtu aliyebaki Lubumbashi akitaka kumsaidia ndugu aliyefukuzwa, noti yake ilikuwa karatasi tupu huko Mbuji-Mayi. Kwa mara ya pili katika miaka 33 mpaka wa fedha ulipita katikati ya jamaa moja.

Nao waliobaki Katanga hawakusalimika. Gécamines haikulipa mishahara miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanya-kazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mara moja. Jambo hilo liliitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walimaliza fedha hizo kwa madeni, karo na dawa. Bibi zao ndio waliotoka alfajiri kuuza mkaa, unga na mboga, na katika nyumba nyingi za wana shaba, kwa mara ya kwanza tangu siku za nyanya zao, chakula kililetwa tena na mwanamke.

Leo shaba imerudi. Tangu mwaka 2022 Kongo inatoa tani zaidi ya 2,000,000 kwa mwaka, na kobalti nyingi kuliko nchi yoyote. Watu nao wamerudi barabarani: baada ya vita vya Kasai vya mwaka 2016 na 2017, jamaa nyingi zilishika tena njia ya Kolwezi na Lubumbashi. Hakuna mwandikishaji wala miaka 3 wala nyumba ya matofali. Kijana huchimba kwa mikono katika shimo, hulipwa kwa uzito wa gunia, na mzani si wake. Akipata, hutuma kwa simu usiku ule ule, na mama huzipokea kabla ya mapambazuko; njia ya fedha haijawahi kuwa fupi hivyo. Asipopata, simu hukaa kimya.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 imegawa ushuru wa migodi hivi: kwa kila franka 100, 50 ni za serikali kuu, 25 za provinsi, 10 za mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 za komini, sekta au sheferi ambamo madini huchimbwa. Ni haki kwamba mahali panapochimbwa papate, na parokia za huko zina wajibu wa kuuliza kila mwaka hizo 15 zimejenga nini. Vijiji vya Lomami na Kasai, vinavyomlea mchimbaji mpaka apate nguvu za kushika sururu, na vinavyomzika shimo likibomoka, havimo katika mgawo huo.